Bi Pimbi, Tembo na Pango la Chumvi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko, wakwe na majirani wambea kama sisi, aliishi Bi Pimbi juu ya jabali moja kubwa. Pimbi mnamjua. Ni kanyama kadogo kama sungura, hakana mkia, miguu mifupi, lakini mdomo! Mdomo haupumziki. Nyumba yake ilikuwa mlangoni pa pango, na kuta za pango lile zilikuwa chumvi tupu.

Bi Pimbi alikuwa na watoto saba, na aliwapenda. Lakini kitu alichokionea fahari kuliko vyote ni jiko lake. Ukutani palining'inia vibuyu vitatu, na kila mgeni alielezwa habari za vibuyu hivyo, awe ameuliza au hakuuliza.

"Hiki ni cha chumvi ya mawe, ya humu pangoni," angesema. "Naisaga, naitia chakula kikishaiva. Ukiitia mapema maharage yanakugomea. Hiki ni cha magadi ya kule ziwani. Ncha ya kidole tu, basi makande yanalainika hata asiye na meno anatafuna. Na hiki ni cha chumvi ya majivu, naitengeneza mwenyewe kwa maganda ya ndizi. Hii ni ya mnavu. Inaondoa uchungu, inaacha utamu."

"Nani alikufundisha?" mgeni angeuliza.

"Bibi yangu! Naye alifundishwa na bibi yake. Kwetu sisi ni wapishi, hatubahatishi."

Alikuwa anajisifu? Ndiyo, alikuwa anajisifu. Na mimi ninayewasimulia sioni kosa lolote, maana alijua anachokisema.

Sasa, siku moja asubuhi, ti! ti! ti! Jabali likatikisika. Vibuyu vikagongana ukutani. Bi Pimbi akachungulia nje, akamwona Tembo amesimama uani, na nyuma yake shemeji yake, Kifaru.

"Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba. Sikiliza wewe. Kuanzia leo pango hili ni langu, na magadi ya ziwani ni ya shemeji. Atakayetaka chumvi atatulimia mashamba yetu kwanza. Na wewe uhame. Nyumba yako inaniziba mlango."

"Nihame? Na watoto saba? Niende wapi?"

"Hayo ni yako. Shemeji, ingia uchukue chumvi yote iliyomo."

Kifaru akaingia, kishindo kimoja, vyungu viwili vikapasuka. Akavitungua vibuyu vyote vitatu, akavimimina ndani ya kapu moja. Chwaaa!

"Wee! Wee! Unachanganya!" Bi Pimbi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wanangu, nawaambia kweli, kufukuzwa nyumbani kulimuuma, lakini kuona magadi yakimwagwa juu ya chumvi ya mawe kulimuuma zaidi.

"Nyeupe kwa nyeupe," Kifaru alisema, akikoroga kapu kwa pembe yake.

"Chumvi ni chumvi," alisema Tembo.

Bi Pimbi aliposikia maneno hayo, akamtazama Tembo kutoka miguuni hadi masikioni, na safari hiyo ni ndefu kwa macho ya pimbi. Kumbe bwana mkubwa huyu alikuwa amenyang'anya kitu asichokijua hata kidogo!

"Bwana Tembo," akasema kwa upole, "keshokutwa ni karamu ya mavuno. Tupike sote wawili, makande na mnavu. Vyungu vitakavyomalizwa kwanza na watu ndivyo vimeshinda. Ukishinda wewe, nahama bila neno. Nikishinda mimi, nabaki kwangu, na pango na ziwa vinarudi kuwa vya wote."

Tembo akacheka, kwa, kwa, kwa, mpaka tumbo likatikisika. "Utapika na nini? Hutakanyaga pangoni! Hutakanyaga ziwani! Wala hutamtuma mtu yeyote!"

"Sitakanyaga, wala sitamtuma mtu."

"Majirani, mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitikia majirani, ambao walikuwa wamejibanza nyuma ya mawe tangu mwanzo.

Siku hiyo hiyo Bi Pimbi akaanza kazi. Alichoma maganda ya ndizi mpaka yakawa majivu meupe. Akatoboa matundu chini ya chungu kikuukuu, akatandika nyasi, akajaza majivu, akamimina maji juu. To... to... to... Maji ya rangi ya chai yakadondoka kwenye bakuli. Tembo alipopita akamwona.

"Ha! Shemeji, njoo uone! Anapika majivu! Njaa itawaua watu!"

"Nafanya usafi tu, bwana," alisema Bi Pimbi, na chumvi ya mnavu ikaendelea kudondoka mbele ya macho yao. To... to... to...

Moja tayari. Bado mbili, na hizo mbili zilikuwa na walinzi.

Kulikuwa na desturi katika nchi ile. Kila mwenye pembe lazima aoshwe pembe kabla ya karamu, na ni mwiko mtu kujiosha mwenyewe. Miaka yote majirani waliwaosha Tembo na Kifaru kwa furaha. Mwaka huu nani angewasogelea? Siku ya pili, kutwa nzima, wawili hao walizunguka na pembe zao chafu. Za Tembo zilikuwa zimejaa unga wa chumvi aliyokuwa akiichimba pangoni. Ya Kifaru ilikuwa nyeupe kwa magadi ya ziwani.

"Jamani!" Bi Pimbi akawaita kutoka mlangoni. "Kesho mtakaa mbele ya watu hivyo hivyo? Wakwe watasemaje? Njooni niwaoshe."

Kifaru akasita. "Huyu tunamfukuza. Kwa nini atuoshe?"

"Desturi ni desturi, shemeji," alisema Tembo. "Ugomvi ni wa mashamba na mapango, pembe zina kosa gani?"

Wakakaa. Bi Pimbi akaleta beseni mbili na maji ya moto.

"Kwa nini mbili?" Kifaru akauliza.

"Ala! Mabwana wakubwa waoshwe kwa maji mamoja kama ndama?"

Hapo wote wawili wakavimba kwa raha. Akamsugua Kifaru, chwa, chwa, chwa, magadi yote yakabaki katika beseni ya kwanza. Akamgeukia Tembo, akamsugua pembe ya kulia, kisha ya kushoto, halafu akashika kiuno na kutikisa kichwa.

"Mh! Bado hazijang'aa. Pembe za mtu mkubwa kama wewe zilistahili kusuguliwa kwa chumvi ya mawe yenyewe, hasa hasa. Lakini basi, chumvi ni yako, na mimi si mtu wa kuomba."

Tembo akatazama pembe zake majini. Akainuka, ti! ti! ti! Akaenda pangoni, akachoma pembe ukutani, akarudi zimeganda chumvi mpaka mzizini. Akasuguliwa. Zikang'aa. Akataka zing'ae zaidi. Akaenda tena, akarudi tena. Mara tatu, wanangu! Mara tatu!

"Na chumvi yenyewe?" alisema alipokuwa akiondoka. "Isije ikabaki kwako."

"Iko wapi, bwana? Unaiona?"

Tembo akachungulia beseni. Maji matupu, tena machafu. "Aa, imeshayeyuka. Imekufa hiyo."

Imekufa! Walipotokomea tu, Bi Pimbi akacheka mpaka akakaa chini. Akayaacha maji yatulie, akayachuja kwa kitambaa mara mbili, akayabandika motoni. Bwata, bwata, bwata. Maji yakaondoka na mvuke, na chini ya chungu chumvi ikabaki, nyeupe, safi, yenye ung'avu. Yale maji ya magadi akayachuja tu, akayaweka kando.

Siku ya karamu watu walijaa. Tembo akafunua vyungu vyake. Alikuwa ametia mchanganyiko wa kapu konzi kwa konzi, tangu maji hayajachemka. Nyumbu akaonja makande, akatema. Pfuu!

"Sabuni!"

Maharage yalikuwa magumu kama kokoto, kacha, kacha. Mnavu ulikuwa mchungu, unateleza, na chumvi yake ilikausha ulimi.

Bi Pimbi naye akafunua vyake. Harufu ilipotoka, hakuna aliyengoja kukaribishwa. Makande laini, chumvi yake imetulia. Mnavu mtamu hata watoto waliomba tena. Watu wakalamba vidole, kisha wakalamba mwiko, kisha wakagombania chungu chenyewe.

Kifaru naye alikula. Sahani tatu.

Tembo akachota ukoko uliobaki, akaonja, macho yakamtoka. "Hii ni chumvi ya pangoni kwangu! Mwizi! Uliingia!"

"Sikukanyaga," alisema Bi Pimbi. "Umeileta mwenyewe uani kwangu, juu ya pembe zako, ukaiacha kwenye beseni. Mimi niliichemsha tu maji yakaisha. Chumvi haifi, bwana. Inataka mtu anayeijua."

"Kweli, shemeji," Kifaru akadakia mdomo umejaa. "Si ulirudi mara tatu?"

Watu wakaangua kicheko. Tembo akapiga mguu chini. "Basi ulinituma! Tulisema hutamtuma mtu!"

Bi Pimbi akapanda juu ya chungu kilichopinduliwa ili aonekane, akajinyoosha. "Jamani, mimi, pimbi, nimemtuma Tembo? Haya, Bwana Tembo, waambie watu wote hapa. Sema kwa sauti kwamba ulitumwa na pimbi kuchota chumvi, ukaenda, ukarudi, ukatumwa tena ukaenda. Ukisema hivyo, nimeshindwa, nafunga mizigo yangu sasa hivi."

Tembo akatazama watu, akatazama wakwe zake.

"Mimi..." akasema. "Mimi situmwi na mtu!"

"Basi uliileta kwa hiari yako. Ahsante sana."

Jioni ile ile watu waliingia pangoni na vibuyu vyao, wengine wakashuka ziwani, na Bi Pimbi akasimama mlangoni kwake, kichwa juu, akiwafundisha wote ipi ni ya chungu gani. Wa mwisho kwenye foleni, anasogea kidogo kidogo, alikuwa Tembo, amebeba kibuyu.

Basi wanangu, ukinyang'anya mali usiyoijua, unamchotea tu yule anayeijua.