Walioisoma Nyumba ya Zedaveli

Hapo zamani, mbali na hapa, katika nchi ya Jojia, kwenye milima ya Kaukazi ambako theluji haiishi kileleni, palikuwa na kijiji kikiitwa Zedaveli. Juu ya kijiji, kando ya njia ya kuvukia mlima, palisimama gofu. Kuta nne zilizomomonyoka, paa hakuna, mlango hakuna. Ndani watu walilaza kondoo. Ukiwauliza wenyeji gofu lile lilikuwa nini, huyu alikwambia ngome, yule alikwambia kaburi la majitu, na wa tatu alikwambia, "Ni zizi. Huoni kondoo?"

Mwaka mmoja mtawala wa jimbo lile, jina lake Gurami, alipata habari kwamba wavamizi wanajikusanya upande wa pili wa mlima. Akaazimia kuziba bonde kwa ukuta kabla theluji haijashuka. Mawe yaliyochongwa tayari yako wapi? Gofuni. Akamwita mwashi wake mkuu, Shiola, akamwambia, "Libomoe lile gofu, uniletee mawe."

Shiola akaenda na watu wake. Asubuhi waling'oa mawe kumi na mawili ya ukuta wa magharibi. Mchana Shiola akaingiza mtaimbo kwenye pembe, mahali kuta mbili zinapokutana, akasita. Akapanda juu. Akapapasa. Pale pembeni mawe hayakusimama wima. Yaliinama kwa ndani, kidogo kidogo, yakafanya kitao kidogo mfano wa kiganja kilichokunjwa. Akaenda pembe ya pili, akakuta vilevile. Ya tatu, vilevile. Ya nne, vilevile.

Akawaambia watu wake, "Wekeni mitaimbo chini."

"Mtawala atakukata mkono," wakamwambia.

"Huenda. Lakini wekeni."

Gurami akaja juu ya farasi, uso umemkunjamana. "Mwashi, nasikia umegoma."

"Bwana Mtawala, nimesimama nikuulize kwanza. Aliyejenga hapa alianza na mraba, na juu ya mraba akaweka duara. Vitao hivi vinne ndivyo vilivyobeba kuba, lile paa la mviringo. Mimi nimeshika nyundo miaka thelathini, na siwezi kusimamisha kuba pana namna hii bila nguzo katikati. Yeye aliweza. Tukilivunja, hatutajua tena aliwezaje."

Gurami akashuka, akaingia kati ya kondoo, akatazama juu muda mrefu. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga. "Basi ilikuwa nyumba ya nani, na ya nini?"

"Sijui, Bwana."

"Nakupa siku saba. Ukiniambia ni nyumba ya nani, na ya nini, nitachimba mawe mtoni, japo mikono ya watu itachubuka. Usiponiambia, utaibomoa wewe mwenyewe."

Siku mbili Shiola alipima kwa kamba na timazi. Chini ya samadi alifukua mawe yaliyoanguka, mapana nyuma, membamba mbele. Akayapanga kwenye nyasi, duara ndani ya duara, mpaka wanakijiji wakaliona kuba zima limelala chini. Wanaume walivua kofia bila kuambiwa. Lakini kuba laweza kuwa la kaburi, laweza kuwa la hamamu, nyumba ya kuogea, laweza kuwa la kanisa. Nyumba ya nani, na ya nini? Shiola hakujua.

Siku ya tatu akamfuata Evagre, mtawa aliyeishi peke yake bonde la chini, mtu pekee aliyezijua herufi za kale. Evagre akaja, akasugua kuvu kwenye jiwe la juu ya pengo la mlango, na herufi zikajitokeza. Nusu ya maandishi ilikuwa imeangukia korongoni. Evagre, mzee wa miaka sabini, akajifunga kamba kiunoni, wakamteremsha, akarudi na kipande kimoja na magoti yaliyochubuka. Kijiji kizima kikasimama kumsikiliza. Akasoma:

"Mimi Tevdore, mwashi, nisiye mkubwa, niliijenga nyumba hii kwa ajili ya Gu..."

Hapo jiwe lilikuwa limekatika.

Watu wakamsogelea. "Baba Evagre, sema ni Gurami. Babu wa babu yake mtawala naye aliitwa Gurami. Sema hivyo, na nyumba imepona leo hii."

"Nimeona herufi mbili," akasema Evagre. "Nikisoma sita, nne nitakuwa nimezitunga mimi."

"Itabomolewa, Baba."

"Najua, na inaniuma. Lakini Tevdore ameniachia neno lake. Siwezi kumtia mdomoni neno langu." Basi wakashuka korongoni kulitafuta jiwe lililobaki.

Kati ya waliosimama pale alikuwapo Mzekala, mjane mfuma mazulia, aliyeishi na mama mkwe wake kipofu. Nyumba yake, kama nyumba zote za kule, ilishikiliwa na nguzo moja nene katikati, nguzo ambayo wenyewe huiita nguzo mama, na mbao zote za paa ziliegemea hapo. Chini ya nguzo ile marehemu mumewe alikuwa ameweka jiwe kutoka gofuni. Lilikuwa na herufi. Mzekala alikuwa akizipangusa vumbi miaka ishirini.

Alikwenda nyumbani akakaa siku tatu, hafumi, anaitazama nguzo. Siku ya sita akasema, "Mama, lile jiwe wanalolitafuta tunalo sisi. Likitolewa, nyumba inaanguka. Na theluji iko karibu."

Yule mama akauliza, "Una hakika lina herufi?"

"Nina hakika."

"Basi nishike mkono, unitoe nje."

Mzekala akawaita watu, wakatoa mazulia, masufuria na mbuzi. Wanaume wakafunga jiwe kwa kamba, ng'ombe wakavuta. Nguzo iliteleza, paa likashuka lote kwa kishindo, na vumbi likawafunika watu hadi kope. Mzekala alisimama ameshikana mikono na mkwe wake, hakugeuza uso.

Siku ya saba wakaunganisha mawe mbele ya Gurami. Ufa ukakutana na ufa, hata ukucha haukupita. Evagre akasoma:

"...kwa ajili ya Gulkani mke wangu, aliyekufa kwa baridi katika njia hii. Mpita njia, ingia ulale."

Gurami akapitisha kidole juu ya ufa. Kisha akasema taratibu, "Nyumba ya mwanamke, na ya mpita njia. Toeni kondoo."

Mawe ya ukuta yalichimbwa mtoni, na wavamizi walipouona ukuta wakarudi kwao. Mzekala na mkwe wake walilala banda la jirani majuma matano, kisha kijiji kikawajengea nyumba nyingine. Na baada ya miaka miwili Shiola alilisimamisha tena kuba, jiwe kwa jiwe, bila nguzo katikati.

Siku ya kufungua mlango, Gurami akaonyesha nafasi chini ya maandishi ya Tevdore. "Hapa panatosha jina moja. Litatajwa katika kila sala ya mpita njia, maadamu nyumba hii imesimama. Ni jina la nani?"

Shiola akasema, "Bwana, nisingeweka mtaimbo chini, kusingebaki cha kusomwa. Niliuweka mkono wangu hatarini."

Mwanamke mmoja akauliza, "Na yale mawe kumi na mawili, nani aliyang'oa?"

"Ni mimi," akajibu Shiola.

Evagre akasema, "Mimi sikuja kutafuta jina, ila mmeuliza. Ningebahatisha neno, leo mngemwombea mtu ambaye hakuwamo, na Gulkani angebaki chini ya nguzo."

Mwenye ng'ombe waliovuta jiwe akamjibu, "Baba, ungebahatisha, Mzekala asingelala bandani. Ukweli ulikuwa wako, paa lilikuwa lake."

Mzekala akasema, "Mimi sijui kupima wala kusoma. Nilikuwa na nyumba, nikaitoa."

Shiola akasema kwa upole, "Dada yangu, ulizijua herufi zile miaka ishirini. Na siku tatu ulituacha tunahangaika."

"Siku tatu, ndiyo," akasema Mzekala. "Nilikuwa naiaga nyumba yangu."

Gurami akawatazama wote watatu, na macho yake hayakutulia kwa yeyote. Akaweka nyundo na tindo kizingitini, akasema hatachonga mtu mpaka watu wakubaliane. Hawajakubaliana.

Nanyi mnaonisikiliza, jiwe ni hilo, nafasi ni ya jina moja. Je, tindo ingekuwa mikononi mwenu, mngechonga jina la nani?