Daraja la Mto Kibwende

Kila mara mbunge Tunu Mbwambo alipouliza kwa maandishi zahanati ya Mbalangwe itaezekwa lini, Waziri Kihwele alijibu, "Ujenzi unaendelea vizuri." Humo ndani wajawazito walizidi kunyeshewa.

"Mama, huchoki kuuliza?" Waziri alimcheka kwenye mgahawa wa Bunge.

"Zahanati nimeiacha, Mheshimiwa. Safari hii nimeulizia daraja la Mto Kibwende."

Jibu lilikuja upesi, limegongwa muhuri. Tunu akasimama bungeni, akalisoma kwa sauti: "Ujenzi wa daraja unaendelea vizuri."

Wabunge wakapiga meza. Waziri akatabasamu.

"Namshukuru Waziri," alisema Tunu. "Mheshimiwa Spika, mto huo haupo. Niliubuni jikoni kwangu nikisonga ugali. Sasa naomba kujua, ile zahanati yetu nayo inaendelea vizuri hivyo hivyo?"