Jina Moja kwenye Mlango wa Landrova

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu ambayo nikiongopa baadhi yenu mtaniumbua, palikuwa na kijiji kiitwacho Kisimachumvi. Kaeni vizuri. Hadithi hii haina sungura. Ina Landrova moja, mafundi watatu, na mwanamke mmoja asiyeambiwa kitu akasikia. Mwisho wake nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Kisimachumvi kiliishi kwa chumvi. Wanawake waliteka maji ya chemchemi ya chumvi, wakayachemsha kwenye mapipa yaliyopasuliwa, wakakwangua kilichobaki, wakakifunga kwenye magunia. Chumvi iliwalisha, chumvi iliwavisha, na chumvi hiyo hiyo ilikula kila chuma walichokuwa nacho. Ilikula bawaba. Ilikula mabati. Jembe lililonunuliwa mwaka huu, mwaka ujao lilikuwa limebaki mpini.

Wanawake hao walikuwa na Landrova. Waliinunua kwa magunia ya chumvi, wakiongozwa na mkunga wao, Bi Tausi, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Hawakuinunua kwa matembezi. Hospitali ilikuwa mbali, kuvuka kijito cha maji ya chumvi na kushuka mteremko mkali, na mwaka mmoja kabla ya gari walizika wazazi watatu, wanawake wenye uchungu wa kujifungua, walioishia njiani. Miaka ishirini ikapita tangu wainunue. Hakuna mzazi mwingine aliyefia njiani.

Ndipo siku moja akaja mkaguzi wa magari kutoka wilayani, shati jeupe, bisibisi mfukoni. Akalala chini ya Landrova, akaichoma chesisi, ile mifupa ya chuma inayobeba gari zima. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akainuka anajipangusa vumbi.

"Imeoza hii. Iuzwe kwa kilo, chuma chakavu."

"Kwa kilo?" akasema Bi Tausi. "Kwa kilo tunauza chumvi, bwana. Hii hatuuzi."

"Mama, sheria ni sheria."

"Sheria inasema gari bovu lisitembee. Haijasema lisitengenezwe. Nipe mpaka mwisho wa masika."

Mkaguzi akacheka, akaitikisa bisibisi usoni pake. "Nitarudi na hii hii. Ikizama hata ncha, lori la chuma chakavu litakuwa nyuma yangu."

"Njoo nalo. Litarudi tupu."

Haya. Maneno yameshatoka, na kila mtu amesikia. Sasa gari lazima lipone.

Bi Tausi akaita mafundi watatu. Wa kwanza alikuwa Mzee Bukuru, dereva wa Landrova hiyo tangu siku ilipoingia kijijini, mtu wa maneno machache na kucha nyeusi. Wa pili alikuwa Kiza, fundi rangi, kijana maridadi aliyewahi kupaka mabasi mjini. Wa tatu alikuwa Yasinta, mchomeleaji, binti aliyerudi kutoka chuo cha ufundi na miwani yake ya moto kichwani kama kilemba.

Yasinta akakata chuma kilichooza, akachomelea kipya. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulizuka walipoulizana: chuma hiki kipya tukikinge kwa nini, chumvi isikile tena?

Kiza akasema, "Rangi. Redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, chini, rangi ngumu juu. Nipeni mimi, itang'aa mpaka mjitazame."

Yasinta akasema, "Rangi ikikwaruzwa na jiwe, kutu inaingia hapo hapo na kutambaa chini yake. Chesisi izamishwe kwenye zinki ya moto, iliyoyeyushwa. Zinki hata ikikwaruzwa, inaliwa yenyewe kwanza, chuma kinabaki."

Mzee Bukuru akasema, "Oili chafu na dizeli kidogo. Unapuliza chini ya gari, unaliendesha kwenye vumbi, vumbi linaganda. Miaka ishirini nimefanya hivyo. Nani mwingine ana miaka ishirini?"

Kila mmoja alikuwa na hoja. Lakini Bi Tausi hakupenda hoja nyingi.

"Kinga moja tu," akasema. "Nachagua rangi. Nyekundu, ile ile ya zamani. Yasinta, hiyo zinki iko mji wa mbali, sitaki kusikia. Mzee Bukuru, oili yako inachafua kanga za wazazi. Imwage. Nimemaliza."

Alikuwa amemaliza yeye. Wenzake ndiyo kwanza walikuwa wanaanza.

Asubuhi moja Bi Tausi akaamka, chesisi haipo. Yasinta ameipakia kwenye lori la magunia ya chumvi, ameondoka nayo. Tena kabla ya kuondoka aliitoboa matundu kumi na manne kwa drili, chuma kipya kabisa, watu wanamtazama mikono kichwani. Aliwaambia kwamba chesisi ina uwazi ndani, na hewa ikifungiwa humo kwenye zinki ya moto inaweza kulipuka na kuua mtu. Halafu zinki yenyewe inahitaji njia ya kuingia, ikinge na ndani. Walimwona kichaa. Siku kumi na tisa Kisimachumvi hakikuwa na gari wala mifupa ya gari. Siku ya kumi na mbili mzazi mmoja alibebwa kwa machela hadi hospitali. Alipona, lakini waliombeba hawakumsahau Yasinta katika matusi yao.

Yasinta akarudi. Chesisi ni ya kijivu kama sufuria.

"Nilikukataza!" akafoka Bi Tausi.

"Shikamoo, Bi Tausi. Ulinikataza, ndiyo. Mkaguzi naye alikukataza wewe."

Bi Tausi akaigonga chesisi kwa kidole, akaenda zake. 

Ikabaki sakafu na ukuta wa mbele wa gari, ule unaotenga injini na abiria. Hivyo ni bati jembamba, na Yasinta mwenyewe alikiri kwamba zinki ya moto ingelikunja. Hapo ikawa zamu ya Kiza. Akapiga msasa, akaosha bati kwa maji ya kisima, akapaka. Iling'aa! Wanawake wakaja kujitazama kweli. Baada ya wiki mbili rangi ikavimba malengelenge mwili mzima. Kiza akapasua moja kwa ukucha, akaonja maji yaliyotoka.

"Chumvi," akasema. "Nimeiosha chumvi kwa chumvi, mjinga mimi. Nimeifungia ndani kwa mkono wangu."

Sasa mjue kwamba Kisimachumvi kila maji yalikuwa na chumvi, isipokuwa maji matamu ya mlimani, mwendo wa nusu siku, yanayoletwa kichwani na kuwekwa kwa kunywa tu. Na huo ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mapipa mawili ya maji matamu yalikuwa yamefunikwa kwa ajili ya futari ya kijiji kizima.

Kiza akakwangua rangi yote hadi bati tupu. Akayafunua mapipa. Akaogeshea bati maji ya futari, lote, mara tatu, hadi tone la mwisho.

Jua lilipozama watu walifuturu kwa maji ya kisima, nyuso zimekunjamana. Bi Tausi akamfuata na mwiko mkononi.

"Mwanangu, umeogesha bati kwa maji ya watu waliofunga?"

"Na mimi nimefunga, Bi mkubwa. Na mimi nimekunywa chumvi. Nipige, lakini usiniambie nipake leo. Napaka likikauka."

Akapaka lilipokauka. Mikono minne ya rangi, na kati ya mkono na mkono alisubiri, hata Bi Tausi alipomtishia kumfukuza. Rangi ikakaa.

Na Mzee Bukuru? Mzee Bukuru aliulizwa mbele ya watu, "Umeimwaga oili?" Akajibu, "Nimeimwaga." Aliongopa mchana kweupe, mtu wa mvi. Kila Ijumaa alijiingiza chini ya gari na kopo na unyoya wa kuku. Hakupuliza ovyo kama zamani. Alipaka nati moja moja, springi, na mabomba membamba ya chuma yanayopeleka nguvu ya breki, sehemu ambazo zinki haikufika na brashi ya rangi haikuingia. Mipira ya breki aliiruka, maana oili inaiharibu. Kiza alipoona doa jeusi kwenye rangi yake walikabana mashati, wakaachanishwa na Yasinta kwa koleo la moto.

Masika ikafika mwisho. Mkaguzi akaja kama alivyoahidi, shati jeupe, bisibisi mfukoni, na lori la chuma chakavu nyuma yake. Kabla hajalala chini ya gari, zikasikika kelele. Mwamvita, mke wa fundi viatu, uchungu ulikuwa umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Bi Tausi alikwisha kujaribu mbinu zake zote.

"Pakieni!" akasema.

"Gari halijakaguliwa," akasema mkaguzi. "Halitoki."

"Mwanamke huyu hatasubiri bisibisi yako. Panda, ukague njiani. Hupandi, sogea, maana Mzee Bukuru haoni vizuri kushoto."

Mkaguzi akapanda. Lori likawafuata, kwa kuwa hakuna aliyeliambia lisimame.

Kijitoni maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye milango. Sakafu ambayo zamani mngeiona barabara kupitia matundu yake haikuingiza hata tone, na Mwamvita akalala pakavu. Katikati ya maji gari likagonga jiwe kwa kishindo. Mkaguzi akafumba macho akingojea chesisi ikatike. Ikakwaruzika, haikukatika. Wakapanda ng'ambo. Ukaja mteremko, wenye korongo chini yake. Mzee Bukuru akakanyaga breki, na breki zikashika. Mabomba ya breki ya malori yanayokuja kuchukua chumvi, kutu ilikuwa imeyatoboa masika ile ile.

Mwamvita alijifungua hospitalini, salama yeye na mtoto wake wa kike. Bi Tausi alilia waziwazi ukumbini, halafu akatoka nje akipangusa macho.

"Haya, bwana. Bisibisi yako iko wapi?"

Mkaguzi akalala matopeni na shati lake jeupe. Akachoma chesisi: bisibisi ikateleza. Akachoma sakafu: ikagota. Akakwangua bomba la breki na nati zake, akitafuta pa kuchoma: ncha ikaleta oili nyeusi, na chini ya oili chuma kisafi kinachong'aa kama siku kilipotoka dukani. Akaandika cheti. Wakati wa kurudi walilikuta lori la chuma chakavu limekwama kijitoni, na Landrova ndiyo iliyolivuta. Lilirudi tupu.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka.

Bi Tausi alisema jina moja litaandikwa kwenye mlango wa dereva, kwa herufi nyeupe, watoto walisome mpaka wazeeke. Moja tu.

"Jina langu," akasema Yasinta. "Bila chesisi hakuna gari. Jiwe liligonga kazi yangu."

"Na siku kumi na tisa ulizotuacha?" akasema Kiza. "Yule wa machela angekufa, ungeandikwa wapi? Jina langu. Mwamvita alilala juu ya kazi yangu. Nilikosea, nikakiri, nikaanza upya."

"Ukaanza upya kwa maji ya futari ya watu," akasema Mzee Bukuru. "Ninyi mmelikinga gari masika moja. Mimi nimelikinga miaka ishirini. Bila oili yangu msingekuta hata cha kuchomelea. Na zile breki?"

"Na ule uongo, mzee wangu?" akauliza Yasinta. "Ulisema umeimwaga."

Mzee Bukuru akatazama kucha zake. "Niliongopa," akasema. "Na kesho nitaongopa tena."

Hapo wakasimama wanawake wa chumvi. Wakasema hawa watatu wangekuwa wapi kama Bi Tausi asingemkatalia mkaguzi siku ile ya kwanza? Liandikwe jina lake. Bi Tausi akatikisa kichwa.

"Mimi niliikataa zinki," akasema. "Niliikataa oili. Niliyataka maji yangu ya futari. Wangenisikiliza hawa, leo tungekuwa tunamzika Mwamvita. Kila mmoja wao amenivunjia amri, na kila mmoja kwa kuivunja ameniokoa. Nitamtuzaje mtu kwa kunikaidi? Na nitaachaje?"

Kiza ameshauosha mlango kwa maji matamu. Brashi imeshachovywa, rangi nyeupe inadondoka matone kwenye vumbi, na Bi Tausi amegeuka anawatazama ninyi. Yasinta aliyetoboa, Kiza aliyemwaga maji, Bukuru aliyeongopa, au yeye mwenyewe aliyekataa. Mlango ni mmoja.

Haya semeni, tena msisemee tumboni: aandikwe nani?