Tone la Bwana Ntahondi

Fundi Nyamizi alipomaliza kufunga sili mpya ya kuzuia maji kwenye shafti ya pangaboi, Bwana Ntahondi, mwenye boti, alichungulia akang'aka, "Inadondosha maji!"

"Kidogo tu, bwana. Ndiyo yanayoipoza shafti."

"Unanifundisha? Nikiona tone jingine, zana zako zote nazichukua!"

Nyamizi akameza hasira. "Haya. Basi tuijaribu mbele ya abiria wako, wawe mashahidi."

Akakaza nati ya sili mpaka pakakauka kau. Boti ikaondoka na abiria, Ntahondi akijitamba kutoka Kigoma hadi katikati ya ziwa, ambapo shafti ilianza kufuka moshi.

"Legeza!" Ntahondi akapiga kelele.

"Maji yataingia, bwana. Zana zangu je?"

"Baki nazo! Yaache yadondoke!"

Nyamizi akashika spana, asiizungushe.

"Sema kwa sauti, bwana. Abiria wa nyuma hawajasikia."