Nguchiro Aliyesikiliza Vifua

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani nyasi za mbugani zilikauka zote. Wanyama wakasema, tuhame, tuvuke mto. Lakini walikuwa na desturi yao: kabla ya kuhama, kila mmoja asikilizwe kifua. Mwenye moyo mgonjwa abaki, asije akaanguka majini akawakwamisha wenzake. Na kubaki, jamani, ni kubaki na simba.

Msikilizaji alikuwa Nguchiro. Kazi hiyo alijifunzia kifuani kwa Mzee Nyati, mkubwa wao. Du! Du! Du! Huo ndio aliouita moyo mzima.

Akaja Bi Nyumbu na ndama wake anayenyonya. Nguchiro akatega sikio. Du... kimya. Du... kimya.

"Bi Nyumbu, moyo wako unapiga polepole, tena unasikika mkubwa. Utabaki."

Bi Nyumbu akamvuta ndama karibu. "Na mwanangu?"

"Ataondoka na wenzake."

"Atanyonya kwa nani?"

Nguchiro hakuwa na roho mbaya, maskini. Alikuwa amekariri tu mdundo wa Nyati.

Bi Nyumbu akamsogelea. "Kaka Nguchiro, kiangazi chote nimekimbilia malisho machache kule mlimani, nikarudi kunyonyesha. Mbio kwenda, mbio kurudi. Mzee Nyati kazi yake kusukuma magogo. Mioyo yetu itafanana vipi? Na wewe, mdogo hivyo, umewahi kujisikiliza?"

Nguchiro akaweka mkono kifuani. Dudududududu! Akashtuka. Kwa kipimo cha Nyati, hata yeye wa kubaki na simba!

Mzee Nyati, aliyekuwa amesimama kando, akacheka mpaka akakohoa. "Mwache akimbie, kisha umsikilize tena."

Bi Nyumbu akatimka, kwatu kwatu kwatu, mpaka kichuguu cha mbali, akarudi. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Akapumua. Punde tu ukatulia. Du... kimya. Du... kimya.

"Moyo mgonjwa hautulii upesi hivi. Wewe mzima," akasema Nguchiro. "Nisamehe, dada."

Tangu siku ile hakuacha kusikiliza, maana wagonjwa wa kweli wapo. Ila huuliza kwanza: una umri gani, kazi yako ni ipi, kwenu mioyo ikoje? Akishamtazama kama ni dume au jike, mkubwa au mdogo wa mwili, ndipo hutega sikio.

Bi Nyumbu akavuka mto, ndama ubavuni. Walipofika ng'ambo akasimama, mwanawe akanyonya mpaka akashiba.

Basi, wakubwa kwa wadogo, usimpime mwenzako kwa mwili wa mwingine. Muulize kwanza maisha yaliyoujenga wake. Hadithi yangu imekomea hapo, na aliyesinzia shauri yake.