Kompyuta ya Mkolongo na Nyumba Namba Nne

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, siku ya Jumatatu saa tatu na robo asubuhi, kompyuta pekee ya Sekondari ya Mkolongo iliganda. Mshale ukasimama. Saa ya pembeni mwa kioo ikasimama. Karani akabonyeza kila kitufe, hakuna kilichojibu. Ikazimwa, ikawashwa. Saa nne ikaganda tena.

Ilikuwa na mfumo mpya wa kuiendesha, Linux, wa siku mbili. Mwalimu Ndunguru wa Hisabati aliiweka Jumamosi, baada ya mfumo wa zamani kuliwa na virusi.

Katika kompyuta hiyo yalikuwa yakiandikwa majina ya watahiniwa themanini na saba wa kidato cha nne. Orodha ilitakiwa halmashauri Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ikiwa kwenye flashi. Jina likikosekana, mwenye jina angoje mwaka mzima. Programu yenyewe ilihifadhi majina kumi kwa mkupuo, si pungufu, isipokuwa fungu la mwisho. Mashine ikiganda kwenye jina la tisa, yote tisa yamekwenda.

Mkuu wa shule, Madam Nyoni, akaingia ofisini.

"Nyumba namba nne hapa shuleni iko wazi," alisema. "Ina bomba ndani na paa halivuji. Atakayeiponya mashine hii, majina yakafika halmashauri kwa wakati, ahamie."

Waliomsikia walikuwa watatu: Mwalimu Ndunguru, karani Tasiana Haule, na Madam Kapinga wa Kiswahili. Wote watatu walikuwa wamepanga vyumba ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kwa mguu.

Ndunguru alianza.

"Hili dogo, Madam."

Akafungua boksi la mashine, akapuliza vumbi. Ikaganda. Akabadilisha waya wa umeme. Ikaganda. Akachomoa RAM, kile kipande cha kumbukumbu, akachomeka ya kompyuta mbovu iliyokuwa stoo. Ikaganda.

"Mwalimu, huo mfumo wako umekuja na laana," Tasiana alimwambia. "Wale virusi angalau walikuwa wanatuacha tuandike."

"Imechoka tu. Muwe mnaipumzisha."

Wakaipumzisha. Kila baada ya majina machache Tasiana aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaenda kunywa chai, akarudi, akaifunua. Imeganda. Hadi Jumanne jioni yalikuwa yamehifadhiwa majina ishirini.

Meza ya Madam Kapinga ilitazamana na kompyuta hiyo. Kompyuta hakuzijua, alizijua insha. Lakini tangu Jumatatu alikuwa akiandika nyuma ya daftari lake la maandalio: saa mashine ilipoganda, na karani alikuwa akifanya nini. Chai. Anatafuta cheti cha kuzaliwa. Amemwita mwanafunzi amuulize jina la babu. Chai. Jumatano saa nane mchana akaisoma orodha yote kwa sauti.

"Mara kumi na tisa," alisema. "Na hata mara moja Tasiana hakuwa anaandika. Mashine hii haijachoka. Inaganda ikipumzika."

Ndunguru alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akachukua simu yake, akapanda kilima cha tangi la maji, mahali pekee penye mtandao.

Tasiana hakupanda kilima.

"Kama ugonjwa wake ni kupumzika," alisema, "basi haitapumzika."

Flashi yake ilikuwa na wimbo mmoja tu, wa kwaya yake ya parokia. Akaunakili kwenye mashine, akaupiga, akauweka ujirudie. Mashine ikaimba, naye akaandika. Akaenda kutafuta vyeti, mashine inaimba. Akaenda kunywa chai, mashine inaimba. Jumatano ikaimba hadi ofisi ikafungwa. Alhamisi ikaanza upya.

"Tasiana, dada yangu, hakuna hata ubeti wa pili?" mwalimu mmoja aliuliza.

"Upo. Vumilia dakika mbili."

"Mimi ni Mwislamu," alisema mwalimu wa Jiografia, "na besi yake nimeshaijua yote."

Haikuganda. Ijumaa saa tano na dakika ishirini Tasiana alishuka kwenye bodaboda mbele ya halmashauri, akakabidhi majina themanini na saba. Ofisa akasaini kuyapokea.

Siku hiyohiyo, saa kumi jioni, Ndunguru akateremka kilimani. Kwa siku mbili alikuwa amesoma majibizano ya watumiaji wa Linux, watu wasiojuana, wengi wao wakilia kilio kimoja. Mashine za aina ile, ziachwapo bila kazi, huzama katika usingizi mzito zisiamke. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa maandishi, wa kuuzuia usingizi huo. Akauandika, akauzima wimbo uliokuwa bado unajirudia, akawasha upya. Walimu walioshuhudia wanasema walipiga makofi, ila hawakubaliani kama makofi yalikuwa ya dawa au ya kimya.

Jumamosi mashine ilikaa ikiwa imewashwa, bila kazi. Saa ya kiooni ikatembea. Jumapili ikakaa hivyohivyo. Saa ikatembea.

Jumatatu asubuhi, kwenye kikao cha walimu, Madam Nyoni akawaita watatu wale wajieleze.

"Bila daftari langu," alisema Madam Kapinga, "Tasiana angekuwa bado anaifunika kitambaa, na Mwalimu bado anapuliza vumbi. Nani mwingine aliujua ugonjwa?"

"Uliujua, nakupa shikamoo yako," alijibu Tasiana. "Lakini daftari halikupeleka jina hata moja halmashauri. Watoto themanini na saba watafanya mtihani. Niliyewaandika ni mimi."

"Aliyemshikilia mgonjwa asianguke hajamponya," alisema Ndunguru. "Wimbo ungekatika, mashine ingekufa. Leo imepona. Aliyeiponya ni mimi."

"Na aliyeiambukiza?" Kapinga aliuliza.

Kikao kikaangua kicheko. Ndunguru akangoja kiishe.

"Niliiweka Linux kwa sababu virusi walikuwa wameshakula majina yote ya mwaka jana. Mlitaka nifanyeje?"

Madam Nyoni akasimama.

"Ahadi yangu ilikuwa na miguu miwili: mashine ipone, na majina yafike. Mmoja ameujua ugonjwa. Mmoja amefikisha majina. Mmoja ameleta dawa, majina yakiwa yameshafika. Nyumba ina mlango mmoja."

Kengele ya kipindi cha tatu ikalia, kikao kikaahirishwa.

Kufikia saa kumi jioni siku hiyo nyumba namba nne ilikuwa bado imefungwa. Barazani palikuwa na godoro la Madam Kapinga, jiko la mkaa la Tasiana, na rafu ya vitabu ya Mwalimu Ndunguru.

Enyi mliosikiliza hadi hapa: kama ufunguo ungekuwa mikononi mwenu, ni nani mngemfungulia mlango?