Funguo Mbili kwenye Pete Moja

Msumari ulikuwa bado ukutani, kando ya kabati la vyombo, lakini haukuwa na kitu. Kila asubuhi mshonaji alipoingia jikoni kuteleka chai aliutazama, na kila asubuhi nyongo ilimpanda. Hapo ndipo ulipokuwa ukining'inia ufunguo wa akiba wa gari, hadi siku mumewe alipouchukua na kuapa kwamba hautarudi tena.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimwita Kamanda, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Nyumbani aliishi kama alivyofundisha kazini, yaani kwa kanuni juu ya kanuni. Mlango wa gari haubamizwi. Ndani ya gari hapaliwi kitu, hata karanga. Miguu yenye tope haikanyagi zulia. Kanuni kuu kuliko zote aliitamka akiwa amenyoosha kidole juu: "Gari moja, dereva mmoja, ufunguo mkono mmoja!" Ajabu ni kwamba mkewe alikuwa mwanafunzi wake zamani, na alifaulu mtihani wa barabarani kabla ya wenzake wote. Huko ndiko walikojuana. Lakini tangu waoane, usukani aliuona kwa macho tu.

Hasira ya mshonaji haikuwa ya bure. Binti yao mdogo alikuwa na pumu. Siku moja ya vumbi jingi kifua kilimbana mchana, baba yake akiwa kazini na simu yake haipokelewi. Mshonaji hakungoja. Alitwaa ufunguo msumarini, akamlaza mtoto kiti cha nyuma, akaliendesha gari mpaka zahanati akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni. Mganga alimwambia wazi kwamba angekawia kidogo tu, angekuwa anazungumza habari nyingine. Jioni Kamanda aliporudi, mtoto amelala kitandani macho yamemlegea kwa uchovu, hakuuliza anaendeleaje. Aliuliza ni nani aliyesogeza kiti cha dereva.

Usiku huohuo aliutia ufunguo wa akiba kwenye pete moja na mwenzake, pete nene ya chuma, akaitia mfukoni. "Sasa hakuna wa kuniibia gari," alisema, "na ufunguo wa akiba haupotei tena. Nilipo mimi, upo." Hebu fikiri akili hiyo! Ni sawa na mtu aliyechota ndoo mbili za maji akazimimina zote katika mtungi mmoja wenye ufa, kisha akalala akijisifu kuwa ana akiba. Mshonaji alimwambia hivyo. Aliambiwa ashone nguo.

Mganga alikuwa ameshauri mtoto atembezwe mahali penye hewa safi, taratibu, ili mapafu yazoee kazi. Kwa hiyo walipanga kupanda kilima kimoja nje ya mji, wao watatu pamoja na mama yake Kamanda, bibi mwenye miguu myepesi kuliko ya mwanawe. Asubuhi ya safari, vitu vikiwa vimepangwa mlangoni, mshonaji alijaribu tena.

"Baba, nipe ufunguo mmoja nikae nao mimi. Tunakwenda porini, hatuendi dukani. Ukiziangusha zote huko tutafanyaje?"

"Niziangushe mimi? Mimi nilishika usukani kabla wewe hujajua kutunga uzi."

"Watu wazima wenyewe huanguka, sembuse ufunguo. Tazama, nimeshona mfuko hapa ndani ya kiuno, una zipu. Hata nikipinduka miguu juu, hautoki."

Kamanda alicheka kicheko kile cha puani. "Mfuko mzuri. Tia sindano zako. Maana najua ukipewa ufunguo, kesho nitalikuta gari langu sokoni."

"Kwa hiyo mtoto akibanwa tena, nimbebe mgongoni?"

"Mkwe wangu, mwachie," bibi aliingilia kati. "Safari ikianza kwa maneno haina raha. Yeye ndiye mwenye gari lake."

Mshonaji alimeza maneno yaliyobaki, nayo yalikuwa mengi. Alichungulia mkoba wake kuhakikisha dawa ya kuvuta ya binti imo, kile kichupa cha bluu ambacho hatoki nyumbani bila ya kukishika kwa mkono wake, akaingia garini.

Kilimani kwenyewe kulikuwa kuzuri, tusiseme uongo. Mtoto alipanda kidogokidogo, akapumzika, akapanda tena, akafika juu akicheka. Bibi aliimba. Hata Kamanda alisahau ukamanda wake kwa muda akambeba binti mabegani amwonyeshe mji ulivyo mdogo ukiutazama kutoka juu. Mshonaji alimtazama mumewe akacheka kidogo, na hasira ikaanza kulegea. Laiti siku ingeishia hapo.

Waliposhuka, miguu ilikuwa imejaa tope jekundu kwa sababu njia ya kuteremkia ilipita kando ya kijito. Kamanda alifungua buti la gari tu. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la familia, lenye buti pana lililoungana na viti vya nyuma, na kila mlango ulifunguliwa peke yake kwa ufunguo uleule. Milango hakuifungua. Kanuni ni kanuni.

"Mizigo humu," aliamuru. "Halafu wote kijitoni. Hapandi mtu na tope. Nikiridhika na miguu ndipo nitafungua milango."

"Mtoto ana jasho, na upepo umeanza," mshonaji alisema. "Hayo maji ni baridi. Mimi nitamfuta kwa kitambaa."

"Kitambaa hakitoi tope. Maji hayajawahi kumuua mtu."

Mshonaji aliweka mkoba butini ili ainame kumvua mtoto viatu. Kamanda naye alivua koti lake asililoweshe, akalikunja vizuri kama anayelipeleka kwa dobi, akalilaza juu ya mkoba, akashusha mlango wa buti kwa utaratibu, bila kuubamiza. Mlango ulilia "ta", ukajifunga. Kisha akaanza kukunja suruali huku akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika katikati. Alijipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, kisha akarudia wa kulia. Funguo zilikuwa ndani ya koti. Koti lilikuwa ndani ya buti. Simu yake ilikuwa kwenye koti hilohilo, na ya mkewe mkobani.

"Wa akiba uko wapi?" bibi aliuliza, kwa nia njema kabisa.

Mshonaji alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Alitaka kusema, akaona akisema hataweza kunyamaza tena. Akageuka amtafute binti yake.

Mtoto alikuwa amesimama kijitoni, maji magotini, mikono ameikaza mapajani, mabega yamepanda. Alikuwa anakohoa kile kikohozi kifupi, kikavu, ambacho mama yake alikijua hata usingizini. Mshonaji alimkimbilia, akamtoa majini, akamkalisha juu ya jiwe, akamfuta miguu kwa kilemba chake. Kifua kilikuwa kimeanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mama, dawa," mtoto alisema.

Dawa ilikuwa hapo. Kupitia kioo cha ubavuni waliuona mkoba, zipu yake iko wazi nusu, na ncha ya kile kichupa cha bluu imechungulia chini ya mkono wa koti. Mtu angeweza kuinyooshea kidole.

"Vunja kioo," mshonaji alisema.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Kioo cha gari hili hakipatikani hovyo, mama! Kinaagizwa. Nipe nafasi nifikirie." Kamanda alikwenda kwenye ua wa shamba lililokuwa karibu, akakata kipande cha waya kwa kukipinda huku na huku, akakichomeka kati ya kioo na mpira wa mlango. Alivuta, akasukuma, akatukana. Waya uliteleza, ukamchana kiganja kutoka kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Akaguna, akauchomeka tena. Kitasa hakikusogea.

Mtoto sasa alikuwa ameacha kukohoa, na hilo lilimtisha mama yake zaidi. Alivuta hewa kwa shingo, kwa tumbo, kwa mwili wake wote, na iliyoingia ilikuwa kidogo mno. Midomo ilikuwa imeanza kupauka. Bibi alikuwa amempakata akimsugua mgongo, akiita jina la Mungu.

"Nitakwenda barabara kuu," Kamanda alisema akihema. "Nitasimamisha gari, nitatafuta fundi, nitarudi naye."

"Na ukirudi utamkuta nani?"

Kamanda alirudi kwenye waya wake. Hapo ndipo mshonaji alipofura. Yale yote aliyoyameza tangu siku ile ya zahanati, tangu msumari ulipobaki mtupu, yalimtoka kwa mara moja.

"Mtoto anakufa, wewe unabembeleza kioo! Mwanaume gani wewe? Nilikuomba ufunguo mmoja. Mmoja tu! Ukanicheka. Ukaniambia nitie sindano!" Alikuwa ameshaokota jiwe, jiwe la mtoni, zito, la kujaza mkono. "Toka hapo."

Kamanda alijitanda mbele ya kioo, mikono kaitandaza. "Usithubutu! Nimebakiza kidogo tu, waya umeshika—"

"Ondoka, baba, au nitaanza na wewe."

Huenda angeanza naye kweli. Lakini bibi, yule aliyemtetea mwanawe asubuhi na asubuhi zote kabla ya hiyo, alimlaza mjukuu kwenye majani, akainuka, akamkamata Kamanda ukosi wa shati kwa nyuma kama anavyokamatwa kijana aliyekutwa akiiba sukari, akamvuta. Kamanda alikwenda kinyumenyume mpaka akakaa chini.

Jiwe lilipiga mara ya kwanza, likadunda. Mara ya pili kioo kilifanya utando mweupe. Mara ya tatu kikamwagika chote, ndani na nje, na mshonaji akaingiza kichwa na mabega bila kujali vipande vilivyomkwaruza, akauvuta mkoba kwa mkanda wake. Alipiga magoti kwenye tope, akakitikisa kichupa, akakiweka kinywani mwa mtoto.

"Vuta, mwanangu. Vuta. Shikilia... Haya, toa taratibu. Tena."

Walisikiliza kile kifua tu. Kiliendelea kulia, kikalia, halafu sauti ikaanza kushuka. Mabega ya mtoto yalishuka nayo. Rangi ilirudi midomoni polepole. Alipolalamika kwamba miguu yake ina baridi, mama yake aliangua kilio, akalia kwa hasira na shukrani kwa pamoja, machozi yakimchuruzika bila ya kuyafuta.

Kisha akainuka. Alilitoa koti kupitia tundu la kioo, akatoa pete yenye funguo mbili, akalitupa koti kwa mwenyewe. Alifungua milango yote. Akamfunika mtoto kwa shuka la kukalia, akamwingiza kiti cha nyuma pamoja na bibi yake, upande usio na vipande vya kioo, wote wawili na miguu yao ya tope juu ya zulia.

"Tunapita zahanati kwanza," alisema. "Naendesha mimi. Na hizi funguo usiziulize, leo wala kesho."

Kamanda hakubisha. Alikuwa amesimama kando ya gari, akilitazama lile tundu, halafu akautazama mkono wake. Damu ilikuwa imemtiririka mpaka kwenye kiwiko. Bila shaka ulikuwa ukimuuma sasa, kwa kuwa jambo jingine lilikuwa limekwisha. Aliunyanyua mkono kidogo, kama mtu anayetaka uonekane bila ya kuuonyesha.

"Nimejikata vibaya," alisema.

Mkewe alisogeza kiti cha dereva mbele, kikalia "kra", akarekebisha kioo cha kutazamia nyuma. Kamanda alizunguka, akakaa kiti cha abiria, akauweka mkono juu ya goti wote wauone. Akangoja. Mtu akijikwaa kidole barabarani hata asiyemjua humwambia neno moja, naye alikuwa ndani ya gari lake, na mama yake, na mkewe, na mwanawe.

Gari liliwaka. Kutoka kiti cha nyuma binti aliinua kichwa, akauona mkono wa baba yake, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwema, akafungua kinywa kusema.

Bibi alimfunika midomo kwa kiganja, taratibu, akamrudisha kifuani pake.

"Pumzi yako iweke, mjukuu wangu, bado unaihitaji," alisema. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."